Jumba la Sanaa la Stesheni ya Mkwasu

Kwanza niwajibu wachochezi. Wanasema nchi yetu haina treni. Treni tunayo, tena ndefu, na wenye macho waliiona ikipita. Tusichokuwa nacho ni stesheni, na hilo si la kuonea aibu, kwa sababu stesheni zetu hazikufa wala hazikuuzwa. Zilipandishwa cheo. Hii ya Mkwasu ilipandishwa ikawa Jumba la Sanaa la Taifa, na mimi, mwenyeji wa mji huu na mtembezaji wa wageni jumbani, nimeagizwa na Wizara niandike historia yake fupi, kwa lugha nyepesi yenye kutia moyo. Nimejitahidi. Pale nitakaposhindwa naomba radhi mapema, maana baadhi ya mambo haya niliyaona mwenyewe.

*

Mambo yalianzia kwenye mlima. Upande wa mashariki wa nchi, mwisho kabisa wa reli, palikuwa na mlima ambao Baba Mlezi wa Taifa aliamka siku moja akaamua kwamba unatia kivuli baraza yake ya Ikulu, pale anapokunywa chai ya asubuhi. Wataalamu wa ramani walisema mlima uko mbali mno, kivuli chake hakiwezi kufika Ikulu. Walipelekwa wakaupime vizuri zaidi, na hadi leo bado wanapima. Ikatangazwa kwamba mlima utahamishwa.

Kazi hiyo walipewa vijana wa Mkwasu, mji wetu, ulio katikati ya reli. Waliombwa kujitolea. Waliombwa nyumbani kwao, kabla hawajanawa uso, na askari wenye adabu sana waliopiga hodi kwa vitako vya bunduki. Waziri wa Reli alikuja mwenyewe kuwaaga.

"Ni msimu mmoja tu, vijana wangu," alisema. "Mvua zikianza mtakuwa mnakula ugali wa mama zenu, na mlima mmeuacha kwenye vitabu vya historia!"

Tulipiga makofi. Mkwasu tunajua kupiga makofi, katika hilo hatujawahi kulaumiwa.

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja. Hapa Mkwasu, msafiri hapandi treni na mzigo wake. Anapanda mikono mitupu, anakaa dirishani, na mtu wake aliyemsindikiza anampa mzigo kupitia dirishani treni ikianza kuondoka. Akirudi ni hivyohivyo: treni ikikaribia, msafiri anautoa mzigo nje ya dirisha, na yuleyule aliyempa anaupokea kabla msafiri hajakanyaga chini. Huwezi kumtuma jirani. Ukishuka umebeba mzigo wako mwenyewe, watu wanakutazama kama mtu asiye na kwao. Na mzigo ukianguka, basi mpaka mikono ileile iuinue, kwa hesabu zetu msafiri hajarudi, hata kama amekaa sebuleni anakula.

Siku ile jukwaa la abiria lilijaa akina mama. Mmoja wao alikuwa Bi Sikudhani, mjane aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga mlangoni mwa stesheni. Mwanawe wa pekee, Mwinjuma, alikuwa kinyozi. Alinyoa vizuri na kuimba vibaya, na wateja walivumilia kimoja kwa ajili ya kingine. Treni ilipotikisika, Bi Sikudhani alimpa kifurushi chake dirishani. Mwinjuma alipoinama kukipokea, kifungo cha shati lake la buluu kilinasa kwenye ukingo wa dirisha, kikakatika, kikadondoka miguuni mwa mama yake.

"Mama, kifungo changu hicho!"

"Nimekiona. Nenda, baba. Nitakushonea ukirudi."

"Usikipoteze basi! Shati lenyewe ndilo hilihili!"

Alikiokota akakifunga kwenye pindo la kanga yake, kisha akasimama pale hadi moshi wa treni ulipokwisha.

*

Mvua zikaanza, zikaisha. Zikaanza tena. Treni haikurudi. Stesheni masta wetu, Bwana Lutengano, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa akipiga pasi hata soksi zake, aliagizwa na Wizara atangaze kila asubuhi maneno matatu: "Treni iko njiani." Haukuwa uongo. Treni iliyoegeshwa mwisho wa reli nayo iko kwenye njia yake.

Akina mama walikuja kila siku. Wangefanyaje? Treni ingeweza kufika wakati wowote, na hakuna mikono mingine ambayo ingepokea. Walikaa wameelekea mashariki. Bi Sikudhani alihamishia karai lake la mihogo jukwaani, na kila honi ikilia barabarani aliacha mihogo ikaungua. Wengine walizeeka palepale. Wengine walifia palepale, na wana wao, kwa desturi yetu, wakabaki bila mtu wa kuwapokea hata wangerudi. Nakumbuka mazishi mengi ya miaka ile, na sipendi kuyakumbuka.

Ndipo akaja mgeni. Alikuwa mama mmoja wa ng'ambo, mwakilishi wa shirika kubwa, aliyeletwa na Waziri kuonyeshwa maendeleo ya reli. Alitazama reli, akaona nyasi. Akageuka, akaona wanawake wengi wamekaa kimya, nyuso zote upande mmoja.

"Hawa wanangoja nini?" aliuliza.

Waziri hakuwa na jibu lililoidhinishwa. Kusema wanangoja treni ni kukiri kwamba treni haijaja. Kusema hawangoji kitu ni kujitafutia swali la pili. Alikohoa, akarekebisha tai yake.

"Hii ni sanaa, mama," alisema. "Inaitwa Subira."

Mgeni alivua miwani akalia. Alisema katika nchi zote alizotembelea hajaona sanaa iliyomgusa namna ile. Akauliza ni nani msanii wa kazi hii.

"Serikali," alijibu Waziri, na kwa haki ya Mungu hapo hakudanganya.

*

Msaada ulikuja haraka kuliko treni yoyote. Wizara ya Reli ikaongezewa Utamaduni. Bwana Lutengano akavuliwa kofia yake, akavishwa suti, akaitwa Mhifadhi Mkuu. Waziri alizindua Jumba kwa hotuba ndefu ambayo sehemu yake imechongwa mlangoni: "Mataifa mengine yana stesheni ambazo watu huzipita. Sisi tuna stesheni ambamo watu hubaki!" Tukapiga makofi.

Kisha yakaja marekebisho. Saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imesimama, iliwekewa fremu. Dirisha la tiketi likazibwa na picha ya dirisha la tiketi. Mkono wa ishara, ule ulio juu ya nguzo unaomwambia dereva apite au asimame, ulikuwa mwekundu, na Waziri alisema nyekundu inaharibu picha za kalenda ya Wizara. Ukapakwa kijani pande zote, ukachomelewa usipande wala kushuka. Bendera nyekundu ya Bwana Lutengano, aliyokuwa akiisimamishia treni tangu ujana wake, ikafungiwa ndani ya kabati la kioo. Kioo hicho kilikuwa zawadi ya yule mgeni, kisichopenywa na risasi, na ufunguo wake unatunzwa Wizarani. Kila mahali pakabandikwa kibao: WAGENI MNAOMBWA MSIGUSE.

Bi Sikudhani alitazama ule mkono wa kijani asubuhi nzima. Halafu akamfuata Bwana Lutengano.

"Masta, treni ikija, dereva atajuaje kwamba asimame?"

"Nitakuwepo mimi, Bi mkubwa. Nitaingia kwenye reli mwenyewe."

"Niapie."

"Haki ya Mungu. Hata nikiwa na suti hii."

Likabaki tatizo la akina mama. Kanuni mpya zilitambua watu wa aina mbili tu ndani ya Jumba: watazamaji na kazi za sanaa. Mtazamaji huingia kwa tiketi na hutolewa alasiri. Kazi ya sanaa hubaki muda wote, ila haisemi, hainyanyuki kwenye kigoda chake, na haikaangi mihogo. Wengi walikwenda kungojea nje ya uzio, ambako hata kichwa cha treni hakionekani vizuri. Bi Sikudhani alimwuliza Bwana Lutengano swali moja.

"Treni ikija jioni, mtazamaji atakuwa wapi?"

"Nje, Bi mkubwa. Geti litakuwa limefungwa."

"Basi niandike sanaa."

Aliandikwa. Alipewa kigoda karibu na ukingo wa jukwaa, akazungushiwa kamba nyekundu, akabandikiwa kibao: SUBIRA. MSANII: SERIKALI. Karai lake lilichukuliwa kwa sababu lilikuwa na masizi. Kanga aliachiwa, na hakuna aliyemwuliza kuhusu lile fundo dogo kwenye pindo, wala sindano yenye uzi aliyoichomeka kando yake. Wageni walimsifu sana. Walisema macho yake yamechongwa kama ya mtu aliye hai.

Nchi nzima ikashikwa na wivu. Kabla ya kalenda mpya kutoka, stesheni iliyofuata baada ya yetu ilikuwa Kituo cha Mashairi, na ile ya mbele yake ikawa Makumbusho ya Viatu vya Viongozi. Majina ya stesheni zote hizo, pamoja na la kwetu, yalifutwa kwenye orodha ya mahali ambapo treni husimama, na hakuna aliyeona tatizo, kwa kuwa treni yenyewe haikuwepo.

*

Treni ilikuja siku ya maadhimisho ya Jumba. Nilisikia baadaye jinsi ilivyotokea. Baba Mlezi alikuwa amekatazwa chai na daktari, habari za mlima zikapoa, na afisa mmoja kule mashariki, pengine kwa huruma, pengine kwa kuchoka, akawaruhusu watu warudi kwao bila kuiarifu Wizara. Siku hiyo Waziri alikuwa jukwaani mbele ya kipaza sauti, na wageni waalikwa wamejaa viti vyote hadi ukingoni.

Wa kwanza kusikia alikuwa Bi Sikudhani. Niliona kazi ya sanaa ikigeuza shingo.

"Sanaa, tulia!" alinong'ona askari.

Honi ikalia. Wageni waliguna kwa furaha, wakadhani ni sehemu ya shughuli. Treni ikatokeza kwenye kona, imejaa kutu ubavuni, na hapo mimi mwenyewe nilisahau kazi niliyoajiriwa. Maana kutoka kila dirisha, behewa hadi behewa, palikuwa na mikono imenyooshwa nje, na kila mkono umeshika kifurushi. Walikuwa wamekumbuka. Miaka yote ile ya kubeba mawe walikuwa hawajasahau jinsi mtu anavyorudi Mkwasu. Nyuma ya mikono ile palikuwa na wazee. Tuliwapeleka vijana, na sasa madirishani zilikuwa ndevu nyeupe, na macho yaliyokuwa yakitafuta mama zao kati ya suti na kofia za wageni waalikwa.

Treni haikupunguza mwendo. Dereva alikuwa mtu mtiifu. Orodha yake haikuwa na stesheni inayoitwa Mkwasu, na mkono wa ishara ulikuwa kijani.

Bwana Lutengano alilikata jukwaa lote mbio hadi kwenye kabati la bendera. Alivuta mlango. Alivua kiatu akapiga kioo, akapiga tena kwa nguvu zake zote, na wageni wakaanza kumpigia makofi. Alipoona hakivunjiki, alivua koti akakimbilia reli akilipunga juu ya kichwa. Askari wawili walimdaka ukingoni, kwa adabu, wakamweleza kwamba yeye hayumo kwenye ratiba.

"Niacheni!" alilia. "Niliapa! Niacheni, niliapa!"

Na Bi Sikudhani akasimama. Ile kamba nyekundu ilianguka na nguzo zake. Alikuwa hajakimbia tangu sijui lini, magoti yake yalikuwa yameganda kwa kukaa, lakini alikimbia kando ya treni, mikono juu, kanga ikimvuka.

"Mwinjuma! Mwinjuma wee!"

"Mama! Mama, pokea!"

Alikuwa behewa la katikati. Ametoka dirishani hadi kiunoni, kichwa cheupe pee, nywele za mtu ambaye hajapata kinyozi wa kumnyoa vizuri. Kitambaa alichoondoka nacho kilikuwa kimeshaoza huko, nadhani, kwa kuwa vitu vyake alikuwa amevifunga ndani ya lile shati la buluu, mikono ya shati ndiyo imefungwa fundo juu. Bi Sikudhani alinyoosha vidole. Viligusa. Nilikuwa karibu, niliona kwa macho yangu vikigusa shati. Mwinjuma alipohisi mkono wa mama yake, akaachia, kama desturi inavyotaka.

Alidhani amekishika. Treni ikampeleka, na kwa jinsi alivyokuwa akicheka wakati anapotea kwenye kona, naamini hadi leo anadhani mama yake alikipokea.

Kifurushi kilidunda mara moja kwenye saruji, kikabingirika, kikatulia mbele ya viatu vya Waziri. Bi Sikudhani alifika akihema, akapiga magoti kukiinua. Mikono yake haikuwa imebakisha hata shubiri.

"Usiguse!" alisema askari, akaingia katikati.

Waziri alikitazama kile kifurushi. Akakitazama kile kikundi cha wageni waliokuwa wakifuta machozi. Mtu wa haraka, Waziri wetu. Hujui cheo chake alikipataje mpaka umwone kazini.

"Kitu chochote kinachoangukia ndani ya Jumba," alisema kwenye kipaza sauti, "ni mali ya Taifa!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya miaka yote. Mimi pia nilipiga, mikono ilikwenda yenyewe. Ila moyo uliniuma, na nadhani ni halali kuliandika hilo katika historia fupi.

*

Yaliyofuata ni ya kawaida ya kiofisi. Kifurushi kilifungiwa ndani ya kioo kama kile cha bendera. Kibao chake kinasema: KIFURUSHI. SHATI NA VITU VISIVYOJULIKANA. MSANII: TRENI IPITAYO. Wataalamu walishauri kisifunguliwe, kwani kufunguliwa kungepunguza mshangao. Bwana Lutengano alitunukiwa nishani ya uigizaji bora. Aliipokea akiwa na kiatu kimoja mguuni. Cha pili kiko kwenye maonyesho.

Treni yenyewe ilipita Kituo cha Mashairi, ikapita Makumbusho ya Viatu, ikaenda hivyo hadi mji mkuu, ambako stesheni bado ni stesheni kwa kuwa Baba Mlezi huitumia. Wale wazee walishuka na vifurushi vyao mikononi, wakaomba njia ya kurudi Mkwasu. Bahati yao haikuwa nzuri. Daktari alikuwa amemruhusu Baba Mlezi chai tena, naye akagundua kwamba, mlima ukiwa umepungua nusu, jua la asubuhi linamchoma machoni. Walipandishwa malori, kwa barabara mpya isiyopita kwetu, kwenda kuurudisha. Ni msimu mmoja tu.

Bwana Lutengano aliandika Wizarani. Hakuomba Bi Sikudhani apewe kifurushi. Aliomba kioo kifunguliwe kidogo, mama yule aingize mikono, akiinue, akirudishe palepale. Alieleza desturi yetu kwa kirefu. Alieleza kwamba kikiinuliwa tu, mtu atakuwa amerudi. Alijibiwa kwamba jibu liko njiani.

Kigoda cha Bi Sikudhani kilihamishiwa ndani, kikawekwa upande wa pili wa chumba chenye kile kioo, kwa sababu Waziri aliona vinapendezana. Basi akawa anatazama shati kutwa nzima. Aliyelikunja shati lile alilikunja vizuri, sehemu ya mbele iko juu, na ukisogea karibu unaona mstari wa vifungo, halafu pengo, na kipande cha uzi kilichobaki tangu siku ile.

Alasiri moja, wageni walipokuwa wakielekea getini, alinyanyuka. Niliona, nikajifanya sikuona. Alifungua pindo la kanga kwa meno, akatoa kile kifungo, akapiga magoti mbele ya kioo. Chini ya kioo kuna mwanya mwembamba wa kupitisha hewa. Alikuwa akijaribu kukisukumia ndani, kwa kidole kimoja, taratibu, huku akisema kwa sauti ndogo:

"Hiki hapa, baba. Sikukipoteza. Hiki hapa."

Mwanya haukutosha. Askari alimkuta bado anasukuma.

Wizara iliamua bila kuchelewa, maana kwa mambo ya namna hii huwa haichelewi. Kifungo kilitambuliwa kuwa sehemu ya urithi wa Taifa, kikatengenezewa kioo chake, kidogo, kizuri, chenye taa. Siku hizi shati liko ndani ya kioo kwenye ukuta wa kushoto, kifungo kiko ndani ya kioo kwenye ukuta wa kulia, na katikati, nyuma ya kamba, amekaa mama ambaye bado ana sindano na uzi. Ni chumba kinachotembelewa kuliko vyote nchini. Wageni mnaombwa msiguse.